Tusimwite Mvivu, Macho Yake Yanaumwa



Katika darasa letu moja kijana alikuwa akisoma kitabu kikiwa karibu na pua. Tulidhani hana bidii. Tulikosea. Alikuwa na ugonjwa uitwao keratokonasi.

Mbele ya jicho pana utando unaopitisha mwanga kama kioo. Huitwa konea. Konea nzima imeviringana vizuri. Katika ugonjwa huu huwa nyembamba, ikachomoza kama pia. Mara nyingi huanza ujanani. Mgonjwa huona taa moja kama nyingi. Ugonjwa ukizidi, miwani haimsaidii.

Je, afanyeje? Iko lenzi ngumu, ndogo, ya plastiki. Huvaliwa juu ya jicho lenyewe. Machozi hujaza nafasi iliyo chini yake, kama lipu inavyosawazisha ukuta wenye mashimo. Hapo mwanga hupita sawasawa.

Lenzi hiyo hainunuliwi ovyo. Mtaalamu wa macho hupima konea, humvika mgonjwa lenzi ya majaribio, hutia rangi jichoni na kumulika kwa taa ya buluu. Ikigandamiza ile ncha, huibadilisha. Huenda zikahitajika safari kadhaa. Tusichoke.

Lenzi haiponyi; inasaidia kuona. Kwa hiyo:
Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kuishika.
Tuivue kabla ya kulala.
Tuisafishe kwa dawa yake, si kwa maji ya kisima wala mate.
Tusifikiche macho. Kufikicha huzidisha ugonjwa.

Ndugu, mtoto akibadilishiwa miwani mara kwa mara na bado haoni, tumpeleke mapema kliniki ya macho. Kuwahi ni nusu ya dawa.