Kipupwe Kimeingia, Leja Zifunguliwe



Masika yamekwisha. Upepo wa kusi umeshika njia yake, akina mama wa Tabata wanajitanda kanga asubuhi, na njia za Kimanga na Kisiwani zilizokuwa tope tupu zimeanza kutoa vumbi. Vumbi hilo nalo litalalamikiwa baada ya wiki mbili. Kwa leo lipokewe kwa shukrani.

Mvua za 2023 na 2024 hazijasahauliwa. Vuli na masika ziliungana kwa sababu ya El Niño, na tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini. Tangu hapo, mawingu yakitanda juu ya Pugu, wakazi wa kando ya Mto Msimbazi hawapati usingizi mnono.

Wanaoumia mapema ni wakulima wa mboga bondeni. Mto ukifura, matuta ya mchicha na matembele huenda na maji, pamoja na mbegu na samadi zilizonunuliwa kwa mkopo wa chama. Mwisho wa mwezi mkulima hana cha kurejesha; katibu humwandika mdaiwa sugu, safu moja na yule aliyekopa, akastawi, akakataa kulipa. Hiyo si haki, wala si hesabu. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Aliyepanda mapema Juni anaweza kuuza zaidi ya mara moja kabla ya vuli ya Oktoba. Kamati ya Mikopo ikikutana Juni na kumsogezea tarehe, chama kina matumaini ya kupata fedha yake; ikingoja Septemba huku ikitoza faini, yaelekea itampoteza mwanachama na deni pia. Lakini wajumbe wakague shamba kwa macho yao, kwani wako wanaosingizia mafuriko ilhali biashara zao hazikupata tone.

Kisha makabati. Masika hutoa jasho ukutani, na karatasi hulinywa. Kurasa zianikwe kivulini penye upepo, maana jua kali hupausha wino. Palipofutika tarakimu, mhazini asijaze kwa kukumbuka; aitwe mwanachama na kitabu chake cha akiba, hesabu zilinganishwe mbele ya shahidi, nao wote watie sahihi.

Jumamosi yafaa kwa kazi hiyo, tangu saa tatu asubuhi, umande ukiisha kukauka. Mwanachama atakayekuja na kitabu chake asirudishwe.