Jeshi Dogo la Wanamaji na Uwindaji wa Nyambizi

Kuwinda nyambizi ni kazi ya masikio. Rada haipenyi maji, na jicho la baharia halifiki mbali chini ya uso wa bahari. Kinachosafiri vizuri humo ni sauti, kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kwa hiyo chombo kikuu cha kazi hii ni sona, nayo ni ya namna mbili. Ipo inayonyamaza na kusikiliza tu, na ipo inayopiga mlio na kungoja mwangwi urudi. Ya kwanza haimshtui adui, lakini nyambizi ya kisasa inayotembea polepole kwa betri haitoi kelele za kutosha kusikika. Ya pili huipata hata nyambizi iliyotulia, ila hapo hapo humjulisha kila aliye karibu mahali ilipo manowari yenyewe.

Bahari nayo ina hila zake. Katika maji ya kitropiki, tabaka la juu lililopashwa na jua hukaa juu ya maji baridi, na sauti inapofika kwenye mpaka wa matabaka hayo hupinda kuelekea chini. Nyambizi iliyojificha chini ya mpaka huo inaweza kupitiwa juu yake na manowari isisikike kabisa. Hivyo majeshi makubwa hayategemei meli peke yake. Hutumia sona inayokokotwa kwa kebo ndefu nyuma ya meli, helikopta inayoteremsha sona hadi chini ya tabaka la joto, ndege za doria zinazodondosha maboya ya kusikilizia, na torpedo nyepesi za kushambulia. Kila kimoja kina mafundi wake na vipuri vyake. Zaidi ya hayo, mafunzo hayakamiliki bila nyambizi halisi ya kufanyia mazoezi, na jeshi dogo kwa kawaida halina.

Gharama hiyo ndiyo inayofanya swali liwe zito: je, nchi yenye manowari chache iingie katika kazi hii?

Vita vya Falkland vya mwaka 1982 vinaonyesha hasara ya kutoweza. Tarehe 2 Mei, nyambizi ya Uingereza, Conqueror, iliizamisha meli ya Argentina, General Belgrano, na watu 323 wakafa. Belgrano ilikuwa na manowari za kuisindikiza, lakini hazikuigundua nyambizi hiyo iliyokuwa imezifuata. Baada ya siku ile meli kubwa za Argentina zilirudi karibu na pwani zikabaki huko hadi vita vikaisha. Upande wa pili, nyambizi moja tu ya Argentina, San Luis, iliisumbua Uingereza kwa wiki kadhaa. Torpedo zake hazikuzamisha meli yoyote, ila Waingereza walitumia silaha nyingi kushambulia sauti za uongo, zikiwemo za nyangumi. Hao walikuwa miongoni mwa wawindaji hodari wa nyambizi duniani.

Wala kuwa na sona si kinga. Tarehe 26 Machi 2010, manowari ya Korea Kusini, Cheonan, ilikatika vipande viwili karibu na kisiwa cha Baengnyeong na mabaharia 46 wakapoteza maisha. Uchunguzi wa kimataifa ulihitimisha kuwa ilipigwa na torpedo ya Korea Kaskazini, jambo ambalo nchi hiyo imelikana. Cheonan ilikuwa na sona yake. Katika maji ya kina kifupi, yenye mikondo mikali na kelele nyingi, haikuisaidia.

Mfano unaofaa zaidi kwa nchi ndogo ni Sweden. Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti ilikwama kwenye miamba karibu na kambi kuu ya wanamaji huko Karlskrona, ndani kabisa ya eneo la kijeshi, na sona haikuwa imeitambua. Miaka iliyofuata Sweden iliwekeza sana katika helikopta, vikosi na mitego ya sauti. Baadhi ya sauti zilizochukuliwa kuwa za nyambizi zilikuja kuthibitishwa kuwa za wanyama wadogo waogeleao. Hata hivyo ujuzi ulikua. Kisha Vita Baridi vikaisha, bajeti ikapunguzwa, helikopta za kuwinda nyambizi zikastaafishwa kabla za kuzirithi hazijawa tayari. Oktoba 2014, msako ulipoanza tena katika visiwa vya Stockholm, Sweden haikuwa na helikopta hata moja ya kazi hiyo. Serikali ilithibitisha baadaye kwamba nyambizi ya kigeni iliingia, lakini haikukamatwa wala kutambuliwa ni ya nani. Uamuzi wa kubana matumizi ulichukua muda mfupi tu; kuurudisha uwezo uliopotea kumechukua miaka mingi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki hali ni nyingine. Kutoka Somalia hadi Msumbiji hakuna nchi yenye nyambizi. Kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini pekee inayozo, tatu zilizotengenezwa Ujerumani. Nyambizi za mataifa makubwa hupita Bahari ya Hindi, lakini hakuna jeshi dogo litakalozizuia. Adui wa kila siku hapa ni mvuvi haramu, msafirishaji wa heroini na haramia, na wote hao hukamatwa kwa boti za doria, rada za pwani na ndege ndogo.

Hata mkongo wa intaneti wa baharini, unaotajwa sana kuwa sababu ya kuogopa nyambizi, hukatwa zaidi na nanga na nyavu. Februari 2024, meli Rubymar iliyopigwa kombora na Wahouthi wa Yemen iliachwa ikielea katika Bahari ya Shamu huku nanga yake ikiburuta, na kwa maelezo ya maofisa wa Marekani, nanga hiyo ndiyo iliyokata nyaya za chini ya bahari. Mei mwaka huo huo mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na Kenya. Kuilinda ni kujua meli gani imetia nanga wapi.

Lakini hali ya jirani hubadilika haraka. Bangladesh ilianza kutumia nyambizi mbili kutoka China mwaka 2017, na jirani yake, Myanmar, ikapata ya kwanza kutoka India mwaka 2020. Nchi inayongoja jirani apate nyambizi ndipo ianze kujifunza itakuwa imechelewa, kwa sababu ramani ya bahari haipatikani kwa mwaka mmoja. Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi, ilhali ule wa kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na sauti husafiri kwa namna tofauti katika kila mmoja.

Kwa Kenya na Tanzania, basi, helikopta na torpedo za kuwinda nyambizi si matumizi sahihi ya fedha kwa sasa. Fedha ya kwanza iende kwenye doria, ya pili kwenye kupima sakafu ya bahari na joto la maji yake, na maofisa wachache wapelekwe kusomea sauti za baharini kuanzia sasa.