MAJI MACHAFU YANAKWENDA WAPI?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Malindi)



Leo hatukuja kuzungumza habari za mshahara, ingawa nazo hazijaisha. Twauliza swali moja: maji ya vyoo na majiko ya mji huu, yakisha kutumika, yanakwenda wapi?

Wengi wetu twalijua jibu, maana ni kazi yetu. Huingia shimoni. Shimo likijaa, huitwa lori la kunyonya. Lori nalo likijaa, sharti limwagwe mahali, na hapo ndipo penye shida. Dereva alipwaye kwa safari, akipelekwa mbali hupata safari chache. Akimwaga karibu, hulaumiwa yeye, si aliyepanga malipo. Na ardhi yetu ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe, hupitisha maji upesi. Yaliyomwagwa ovyo leo, kesho yamo kisimani mwa jirani, na masika ikinyesha yamo mtoni na baharini.

Mto wetu huko bara huitwa Athi, mbele huitwa Galana, na kwetu Sabaki. Hupokea maji ya Mto Nairobi, pamoja na uchafu wa mji mkuu. Nasi watu wa Malindi, Kilifi hata Mombasa twanywa maji ya Baricho, yatokayo katika visima vilivyochimbwa kando ya mto huo huo. Mchanga huyachuja, lakini mchanga hauzuii kila kitu. Kuwalaumu watu wa juu ni haki. Lakini atakayenena nao, kwanza anawe mikono yake.

Dawa ipo, wala si ya ajabu: ni mabwawa matatu yanayofuatana. La kwanza lina kina kirefu. Uchafu hutuama, na vidudu visivyohitaji hewa huula. La pili huota mwani wa kijani, unaotoa hewa kwa vidudu vingine vinavyoendeleza kazi. La tatu lina kina kifupi, na jua huua vidudu vya maradhi. Hayahitaji stima, yahitaji uwanja, jua, na watu wa kuyatunza na kuondoa tope. Jua tunalo, na watu ni sisi.

Tena, tukumbuke roho zetu. Shimo la choo lina hewa ya sumu. Hunuka kama yai viza, lakini ikizidi sana pua haiisikii tena. Mtu hudhani imekwisha, kumbe ndiyo imekuja. Mmoja akianguka, wa pili huruka kumwokoa, naye hubaki humo. Basi asiingie mtu shimoni kwa amri ya yeyote kabla hewa haijapimwa, bila kamba mwilini na wenzake juu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka tajiri atoe vifaa vya kujikinga, wala asimtoze mfanya kazi.

Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya maji safi na usafi wa kutosha, na kazi hiyo imekabidhiwa kaunti. Kwa hiyo twataka mambo matatu: mahali halali na pa karibu pa kumwaga kila lori, mabwawa yenye watunzaji wa kuajiriwa, na malipo yasiyomlazimisha dereva kuchagua baina ya mto na chakula cha watoto wake.

Anayeunga mkono na ainue mkono.