Chumba Kimoja, Kazi Mbili: Ofisi ya Nyumbani Moshi Mjini na Vihambani



1. Utangulizi

Mada hii inahusu namna ya kupata ofisi nyumbani bila kuongeza chumba. Sababu yangu kubwa ni ardhi. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vimegawanywa kizazi hadi kizazi, na vingine leo ni vipande vidogo mno. Ofisi ya mita 12 za mraba ikijengwa Kibosho au Machame, ni migomba na mibuni inayong'olewa, wala hairudi.

2. Tulikotoka

Kufanyia kazi nyumbani si jambo geni huku. Msonge wa Kichagga ulihifadhi watu, ng'ombe na chakula chini ya paa moja la nyasi, na juu ya moto palikuwa na dari ya kukaushia na kuwekea akiba. Ilipokuja kahawa, hata chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilipoanzishwa mwaka 1933, buni ziliendelea kumenywa, kuoshwa na kuanikwa hapo hapo nyumbani. Wazee waliipa kila pembe kazi yake na wakati wake. Sisi tumejenga vyumba vingi, kisha tukavifunga kwa ufunguo.

3. Chumba kipi?

Wengi hukimbilia sebuleni. Siungi mkono. Sebule ni ya wageni, na kwetu mgeni hapangi miadi. Mhasibu aliye katikati ya mkutano wa mtandaoni hawezi kumkaribisha shangazi ipasavyo, wala kumwacha amesimama mlangoni. Chumba kinachofaa ni kile cha kulala wageni. Hicho hujaa Desemba, ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kisha hukaa kitupu miezi mingi.

4. Namna ya kukiandaa

Meza: Ubao wa mgrevilia wenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 60 ufungwe ukutani kwa bawaba, kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni. Wageni wakija, unaondoa kompyuta, unaukunja ubao, na kitanda kinapata nafasi.

Dirisha: Jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloumiza macho, hivyo dirisha la kaskazini au la kusini ni bora. La kaskazini hupata jua kidogo Juni na Julai, wakati wa baridi. Meza ikae ubavuni mwa dirisha, ili mwanga usipige kwenye kioo cha kompyuta.

Sauti: Mvua ya masika juu ya bati tupu huzima mazungumzo yote. Dari ndiyo gharama ya kwanza, kabla ya kiti cha kuzunguka.

Umeme: Soketi mbili ziwe usawa wa meza, pamoja na nafasi ya betri ya akiba umeme unapokatika.

Kabati: Liwe na kufuli. Mafaili yasiyo na pa kulala huishia kitandani, na hapo chumba kimepoteza kazi zote mbili.

5. Mapendekezo

Mafundi, mkiletewa ramani mpya, ulizeni kila chumba kitatumika saa ngapi na nani, ndipo mchore kuta. Wenye nyumba, kabla hamjamwita mtu wa kuchimba msingi, kipimeni kwanza chumba cha wageni. Kihamba kilichobaki tuwaachie watoto.