Kadi Mbili za Picha kwa Kompyuta za Mtumba: Ipi Inatufaa Singida?

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wawakilishi wa wafadhili)



 Tumeombwa kueleza jambo ambalo limeleta mjadala katika sharika kadhaa. Kompyuta za mezani za mtumba zimepokelewa, na wauzaji wanashauri ziongezewe kadi ya picha ili kwaya zihariri video zao na vituo vya mafunzo vionyeshe masomo kwa projekta. Kadi za bei ya chini zinazotajwa ni mbili, GeForce 210 na GeForce GT 710, zote za kampuni ya NVIDIA ya Marekani. Ya kwanza ni rahisi zaidi. Je, tununue nyingi za bei rahisi, au chache za bei ya juu kidogo?

Kwanza tuelewane kadi hii hufanya nini. Ni kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta, nacho huchora kila kinachoonekana kwenye skrini. Ukiandika barua tu, huoni tofauti yake. Ukifungua video ya kwaya na kuanza kukata na kuunganisha, ndipo utajua.

GeForce 210 ilitoka mwaka 2009. GT 710 ilianza kuuzwa madukani mwaka 2016, ingawa chipu yake ni ya kizazi cha mwaka 2013. Kwa hiyo hata hiyo tunayoiita mpya ni mzee. Makasha ya kadi zote mbili huandikwa GB 1, na hapo ndipo kamati nyingi huamini kwamba zinalingana. Hazilingani.

Tutumie mfano wa alizeti, maana hapa Singida kila mtu anaujua. Hiyo GB 1 ni ukubwa wa ghala. Haikuambii wakamuaji ni wangapi, wala mlango wa ghala una upana gani. GeForce 210 ina wakamuaji 16, GT 710 inao 192. Hata hivyo tusikimbilie kusema ni mara 12, kwa sababu wale 16 hukimbia zaidi, megahezi 1402, na hawa 192 hukimbia megahezi 954. Ukipiga hesabu, uwezo wa GT 710 ni kama mara 8. Sasa mlango: GeForce 210 yenye kumbukumbu ya DDR2 hupitisha gigabaiti 8 kwa sekunde, na GT 710 yenye DDR3 hupitisha 14.4, yaani haifiki hata mara mbili. Wakamuaji mara 8, mlango chini ya mara 2. Kazi nyingi zitakwama mlangoni, na ndiyo maana anayewaahidi kasi mara 8 hajawaambia yote.

Kwenye umeme GT 710 inashinda bila ubishi. Hula wati 19 ikifanya kazi kwa nguvu zote, wakati GeForce 210 hula wati 30.5. Kituo chenye kompyuta 10 kitaokoa wati 115. Kwa usharika ulio kwenye gridi ya taifa hilo ni dogo. Kwa kituo kinachotegemea sola na betri, saa 6 za kazi nzito ni takriban wati-saa 690, na mnaolipia betri mnajua uzito wake. Kadi zote mbili huchukua umeme kwenye bodi ya kompyuta bila waya wa ziada, na zote hupatikana za aina isiyo na feni. Chukueni hiyo. Kwa vumbi letu la kiangazi, feni ndogo haidumu.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi ipasavyo. Draiva ya mwisho ya GeForce 210 kwa Windows ilitolewa Desemba 2016. Kizazi cha GT 710 kilipewa masahihisho ya usalama hadi Septemba 2024. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiwa na kompyuta ya zamani yenye GeForce 210, njia ya busara ni kuweka Linux, ambako kadi hiyo bado inatambulika, na kuiacha iandike barua na kutunza hesabu.

Tena, kadi zote mbili husaidia kucheza video za mfumo wa H.264, lakini hakuna inayomudu H.265, ambao simu nyingi za sasa hurekodia. Anayerekodi kwaya abadilishe mpangilio wa kamera kabla ya ibada kuanza, siyo baada.

Msimamo wa ofisi ya miradi ni kwamba hatutanunua GeForce 210, hata kwa bei ya kutupa. Na GT 710 hatutainunua kwa kila kompyuta. Prosesa nyingi za Intel za mezani zilizotoka tangu mwaka 2015 zina sehemu ya picha ndani yake inayolingana na GT 710 au kuizidi, tena zinamudu H.265. Kuichomekea kompyuta kama hiyo GT 710 ni kulipa ili kurudi nyuma. Fedha hiyo iende kwenye kumbukumbu ya kompyuta na diski ya SSD. GT 710 ibaki kwa kompyuta ya zamani zaidi ambayo usharika umeitenga kwa ajili ya video.

Ndugu zetu wafadhili, tunaomba msituletee kadi zilizotolewa kwenye mashine zenu kwa kuwa zipo tu. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki tangu mwaka 2021, na kadi ikifia huku mzigo wa kuiondoa unabaki kwa usharika.

Kwa kamati za sharika: kabla hatujaagiza chochote, fundi afungue kila kompyuta na kuandika jina kamili la prosesa, nguvu ya pawasaplai kwa wati, na kama kasha ni pana au ni jembamba, kwa sababu kasha jembamba huhitaji kadi fupi yenye bamba lake. Karatasi hizo zipitie kwa mchungaji wa usharika, kisha zifike ofisi ya miradi. Usharika ambao karatasi yake haijafika hautaingizwa kwenye oda hii.