Vitenzi vya Kiswahili katika Usimamizi wa Makontena ya Programu



Hoja yangu ni moja: istilahi huundwa kwa kuchunguza utendaji wa kitu, si kwa kufuata maana ya kamusi ya neno la kigeni.

Kontena la bandarini hubeba shehena bila meli kuhitaji kujua kilichomo. Docker, iliyotangazwa hadharani mwaka 2013, inafuata wazo hilo: programu hufungashwa pamoja na vitu inavyovitegemea, ikaendeshwa vilevile katika kompyuta mbalimbali. Mwandishi wa programu za Python huweza kuyasimamia makontena hayo kwa msimbo, akitumia maktaba ya mteja. “Mteja” hapa si mnunuzi, bali ni programu inayopeleka maombi kwa mhudumu wa Docker, naye ndiye atendaye kazi.

Tuangalie amri tatu za maktaba hiyo. Amri ya “stop” huitaka programu imalize shughuli zake, na kwa kawaida husubiri sekunde 10 kabla ya kuikomesha kwa nguvu. “Kusimamisha” kunafaa, kwani kilichosimamishwa bado kipo na chaweza kuanzishwa tena.

Amri ya “kill” kwa kawaida huikomesha programu papo hapo. Tukisema “kuua” tutapotosha, maana aliyeuawa harudi, ilhali kontena hilo huweza kuanzishwa tena. Napendekeza “kukatiza”.

Amri ya “remove” ndiyo ya hatari. Ukiondoa kiti chumbani, kiti kinabaki kuwa kiti mahali pengine. Kontena likitekelezewa amri hii hutoweka, pamoja na data iliyoandikwa ndani yake ambayo haikuhifadhiwa nje. Hapa kitenzi sahihi ni “kufuta”.

Aidha, amri ya kuorodhesha isipopewa sharti la ziada huonyesha makontena yanayoendeshwa tu. Yaliyosimamishwa hayaonekani, lakini yapo. Mwanafunzi aliyefundishwa “kuua” ataamini kwamba yamekwisha; aliyefundishwa “kuondoa” atafuta kazi yake akidhani ameihamisha tu.

Hivyo basi, mwanaisimu asiketi na kamusi peke yake. Aketi na mtaalamu wa kompyuta, aione amri ikitekelezwa, aulize: baada ya hapo, kitu bado kipo au hakipo? Jibu hilo ndilo limchagulie kitenzi.