Injini Kuukuu Inapozimika Katikati ya Ziwa

(MUZIKI WA KIPINDI. UNASHUKA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, popote ulipo kando ya Ziwa Tanganyika, iwe Kigoma, Rumonge, Uvira, Baraka au Kalemie, leo tunaye fundi wa injini za boti. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Nitazungumza na manahodha wenye injini za zamani, zile za kuvuta kamba. Kuna ugonjwa mmoja unaowasumbua wengi. Asubuhi injini inawaka kwa mvuto mmoja. Mnapakia watu na mizigo, mnaondoka. Baada ya nusu saa inakohoa, inazimika. Unavuta kamba mpaka bega linauma, kimya. Mnapeperushwa na upepo. Ikishapoa, inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea, na nahodha anasema, "Ni mafuta machafu."

Huenda ni mafuta kweli. Angalia kwanza nati ya pumzi kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, tangi linakosa hewa, na ule mpira wa kubinya kwenye bomba la mafuta unanywea. Ifungue, binya mpira, jaribu tena. Ikiwaka, umeshapona.

Lakini kama pumzi iko wazi na mpira umejaa, basi shaka yangu ni koili. Koili ni nyaya nyembamba sana zilizosokotwa. Ikizeeka hupasuka, na ikipata joto ule ufa unavujisha umeme. Ikipoa inafanya kazi tena. Ndiyo maana ukimpelekea fundi injini iliyolala usiku kucha, atapima, ataona cheche nzuri, atakurudishia akisema ni nzima. Cheche za injini ya namna hii zipimwe ikiwa bado ya moto, dakika ileile inapozimika.

Usisubiri jambo hilo likukute ziwani na abiria. Ifunge boti imara ufukweni, injini ikiwa majini, bila mtu mwingine ndani. Iache ingurume mpaka izimike yenyewe. Ondoa tangi, futa petroli iliyomwagika, sigara zote mbali. Fungua plagi, ambayo ndugu zetu wa Kongo huiita buji. Irudishe kwenye waya wake, kisha ilaze chuma chake kikiwa kimegusa bloki ya injini, mbali na tundu ulimoitoa, maana mvuke wa petroli hutoka hapo na unaweza kushika moto. Shika waya kwa koleo lenye mpini wa mpira, usiushike kwa mkono. Mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu inayolia "ta! ta!" ni nzuri. Cheche nyekundu, dhaifu, au giza tupu, ugonjwa ni wa umeme.

Kabla ya kununua koili, chomoa waya unaokwenda kwenye kitufe cha kuzimia, upime tena. Kitufe hicho huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye bodi. Waya wake ukichubuka ukagusa chuma, ni sawa na mtu anayebonyeza kitufe saa zote. Cheche ikirudi, umepata mwizi wako, na dawa yake ni kipande cha waya. Ila ukiiwasha hivyo haitazima kwa kitufe, vuta choki.

Kama injini ina silinda mbili na moja tu ndiyo imekufa, badilishana koili zake zikiwa za aina moja. Ugonjwa ukihamia silinda ya pili, koili ndiyo mbovu. Usipohama, tazama chini ya flaiwili.

Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 na 1960 zina platini humo chini. Injini ikikaa muda mrefu, platini hupata ukungu unaozuia umeme. Pitisha karatasi ngumu, safi, kati ya meno yake. Msasa wa chuma siupendi, unaacha unga. Nafasi ya platini katika nyingi ya hizo ni nusu milimita. Na flaiwili itolewe kwa kifaa chake cha kuvutia. Anayeipiga nyundo anaharibu krenki, na hapo mtakuwa na ugonjwa wa pili.

MTANGAZAJI: Wapo wanaouacha ule waya wa kuzimia ukining'inia, kwa sababu injini inawaka vizuri bila huo.

FUNDI: Wapo, tena wengi. Nahodha akiteleza akaanguka majini, kamba aliyojifunga mkononi ndiyo inayozima injini kupitia waya huohuo. Bila huo, boti inakwenda na watoto bila mtu usukani, au inazunguka na kumrudia yeye kwa panga. Rekebisha waya, urudishe, kisha ujaribu kuvuta kamba ile uone kama injini inazima. Ndipo upakie watu.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, wiki ijayo tutazungumzia majaketi okozi ya watoto.

(MUZIKI UNAPANDA.)